Flashi za wateja zitaniua

Jamani, hizi flashi! Nahariri filamu chumbani kwangu Sinza, pazia zito, feni nimeizima ili nisikie sauti vizuri, jasho tupu. Kazi imetoka safi, 4K, GB 18. Mteja anakuja na flashi ya kugawiwa semina, imejaa virusi na miziki ya harusi. "Kaka, ina nafasi tele, mbona haiingii?" Haiingii kwa sababu imefomatiwa FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili), na hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe tupu. Basi tuifomati upya kwa exFAT, mpangilio unaopokea faili kubwa? Hataki, kufomati kunafuta kila kitu na humo kuna picha za shangazi! Nimhamishie kwanza kwenye diski yangu, ambayo (acha tu) imejaa video za watu wasiomalizia malipo. Halafu ananiambia, "Si uko nyumbani tu, una haraka gani?"