Jangwani Sawa, Ubalozini Sivyo

Mwaka 2004, Mwingereza mmoja aliyeishi Oman, Mark Evans, alianzisha mradi wa kuwakutanisha vijana wa Ulaya na vijana wa nchi za Kiarabu. Aliuita Connecting Cultures. Badala ya kuwafungia ukumbini na kuwapa vitambulisho vya shingoni, aliwapeleka jangwani. Huko hutembea kwa miguu siku kadhaa, hulala juu ya mchanga, simu zikiwa zimewekwa kando, na jioni huzungumza: dini, ndoa, habari za magazetini, yale ambayo kila upande umezoea kuyasikia kuhusu mwenzake bila kumuuliza.

Wazo hilo lina mashabiki wengi, na wana hoja. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika mwaka 1954 kwamba watu wa makundi mawili wakikutana hawaachi kudharauliana kwa sababu tu wamekutana. Wakutane wakiwa na hadhi sawa, wawe na lengo moja, wasaidiane kulifikia, na wenye mamlaka wauunge mkono mkutano wao. Baadaye, mwaka 2006, Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya matokeo ya tafiti 515 na kuona kwamba kwa kawaida kukutana hupunguza chuki, na masharti ya Allport yakitimia hupungua zaidi.

Sasa litazame jangwa kwa jicho hilo. Jua halimwulizi mtu pasipoti. Maji ni ya kugawana, na anayechoka anabebewa mzigo. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wanapewa jembe siku ya kwanza. Hata kahawa inafundisha. Katika desturi ya Ghuba, mgeni ambaye hajatikisa kikombe ataendelea kumiminiwa, kwa hiyo kijana wa Ulaya anayeona haya kukataa hunywa vikombe vitano kabla ya jirani yake kumwonyesha kwa mkono namna ya kusema imetosha. Jambo dogo, lakini kwa dakika ile Mwarabu ndiye mwalimu. Kwenye semina nyingi za Brussels au Geneva huwa ni kinyume chake.

Hadhi sawa, hata hivyo, haiji yenyewe kwa sababu ya mchanga. Mwingereza Bertram Thomas alivuka Rub al Khali, jangwa kubwa la kusini mwa Arabuni, kutoka Salalah hadi Doha kati ya Desemba 1930 na Februari 1931, na dunia ikamwandika kuwa wa kwanza. Sheikh Saleh bin Kalut, aliyemwongoza na kumfikisha salama, akabaki maelezo ya pembeni. Evans alipoirudia njia hiyo mwaka 2015 hadi 2016, kilomita zipatazo 1,300 kwa siku 49, alitembea na Waomani wawili, Mohamed Al Zadjali na Amour Al Wahaibi, nao wakatajwa pamoja naye. Kati ya safari hizo mbili ndipo unapoona kwamba usawa ni kitu cha kupangwa.

Wanaotilia shaka safari hizi huanza na swali rahisi: nani anapanda ndege? Mazungumzo yakiendeshwa kwa Kiingereza, kama ilivyo kwenye mengi ya mabadilishano haya, atakayechaguliwa ni msomi wa chuo, mara nyingi mtoto wa mjini, ambaye tayari ana hamu ya kumjua mgeni. Anayewaogopa Waislamu huko Saxony, Ujerumani, hajazi fomu. Wala kijana wa kijijini Misri anayeamini kila Mzungu ni adui wa dini yake hajui kama kuna fomu. Dawa inapelekwa kwa wasioumwa.

Halafu kuna mtego mwingine. Mtu anaweza kumpenda rafiki yake mpya kwa dhati na bado asibadili maoni yake kuhusu kabila zima: "Yeye ni mzuri, hayuko kama wenzake." Urafiki mmoja hauzidishwi kwa milioni.

Mimi linanisumbua zaidi hili la majina ya makundi yenyewe. Mmoroko na Mwomani wakizungumza kila mmoja kwa lahaja ya Kiarabu ya nyumbani kwao, huenda wakaishia kwenye Kiingereza hichohicho. Na Muscat utampata kijana anayeitwa Mwarabu kwenye fomu, lakini bibi yake anamgombeza kwa Kiswahili cha Unguja, kwa sababu familia iliondoka baada ya mapinduzi ya 1964, au ilirudi Oman wakati Sultan Qaboos, aliyetwaa madaraka mwaka 1970, alipowafungulia mlango waliokuwa nje. Upande wa pili nao una utata wake: binti aliyezaliwa Brussels, babu na bibi zake wakiwa wametoka Moroko, akae safu gani? Safari inayoanza kwa kuwahesabu watu kwa pande mbili inaweza kuupigilia msumari ule ukuta uliokuja kuubomoa. Waandaaji wazuri wanalijua hili na huwachanganya mapema. Wengine hupenda picha ya kanzu kando ya kaptula.

Siasa nayo haikai nje ya kambi. Tangu Oktoba 2023 ni vigumu kufikiri kwamba Waarabu na Wazungu wa miaka ishirini wataketi kuuzunguka moto na Gaza isitajwe. Watetezi husema jangwa si meza ya mapatano, na kijana hatakiwi kuijibia serikali yake. Sawa. Lakini mazungumzo yakiishia kwenye tende na mavazi, aliyekuja na uchungu atajifunza jambo moja tu, kwamba adabu ya wenzake ni kunyamaza. Hapo nawaunga mkono wakosoaji bila kusita.

Lakini siwaungi mkono wanaosema safari hizi zifutwe. Ufaransa na Ujerumani, baada ya vita tatu ndani ya miaka sabini na mitano, zilianzisha ofisi ya pamoja ya vijana Julai 1963. Zaidi ya vijana milioni tisa wameshapita humo. Wengi hawakuwa wasomi wateule. Kuna wanafunzi wa ufundi na wacheza mpira wa mitaani. Serikali zote mbili huchangia, na safari huenda pande zote mbili, mwaka baada ya mwaka.

Hizi za jangwani haziendi pande zote mbili. Kijana wa Ulaya hushuka Muscat bila viza kwa siku 14, anatembea, analia siku ya kuagana, anamwambia mwenzake wa Cairo: njoo Berlin, utakaa kwetu. Na mwenzake akiamua kwenda atahitaji barua ya mwaliko, taarifa za benki, bima isiyopungua yuro 30,000, na ada ya yuro 90 ambayo akinyimwa viza harudishiwi.