Usiku ule Ali alibebwa, na Norton alishika ncha ya mbeleko

Nimekulia nyumba ambayo kumsema vibaya Muhammad Ali kulikuwa karibu sawa na kumtukana babu. Picha yake ilikatwa gazetini, ikawekewa fremu, ikatundikwa sebuleni juu ya redio. Mwaka 1980 Rais Carter alimtuma Ali Dar es Salaam atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa hata kuonana naye. Picha haikushuka. Siasa ni siasa, alisema baba, Ali ni Ali.

Kwa hiyo naandika hili nikijua nitakapokwenda kumsalimia mzee nitaandaliwa chai bila sukari. Tarehe 28 Septemba 1976, Yankee Stadium, New York, katika pambano la ngumi la kugombea mkanda wa dunia wa uzito wa juu aliokuwa nao Ali, bondia Ken Norton alimshinda Ali. Majaji wakampa Ali.

Sijakurupuka. Pambano lile nimelitazama mara tatu, na mara ya mwisho nilizima sauti, maana kelele za uwanjani zinakuchagulia mshindi kabla hujafikiri. Ali akirusha ngumi tano zikaishia kwenye viwiko, watu wanapagawa. Norton akizamisha moja ya mbavuni, nzito, ile inayomfanya mtu akunje uso kidogo, huwasikii. Nikachukua daftari la hesabu la mwanangu, kila kengele ikilia naandika. Mwisho nilikuwa na Norton raundi 8, Ali 6, moja sare.

Kadi rasmi zilisema hivi: mwamuzi Arthur Mercante alimpa Ali 8, Norton 6, moja sare. Majaji Harold Lederman na Barney Smith, wote wawili, 8 kwa 7, kwa Ali. Siku hizo New York walihesabu raundi tu, si pointi. Kuna wanaodai mfumo wa pointi kumi, ambao mshindi wa raundi hupewa 10 na mwenzake 9 au pungufu, ungemwokoa Norton. Sioni vipi. Hakuna aliyeangushwa chini usiku ule, kwa hiyo karibu kila raundi ingekuwa 10 kwa 9, na hesabu ingerudi palepale.

Ugomvi uko kwenye zile raundi ambazo ukimuuliza Juma anakwambia Ali, ukimuuliza Asha anakwambia Norton. Zilikuwa nyingi. Norton alikuwa na mtindo wake wa ajabu: mikono ameipishanisha mbele ya uso kama mtu anayejikinga na mvua, mguu wa kulia anauburuza, anasogea mbele tu. Mtindo huo Ali hakuwahi kuufumbua. Machi 1973 kule San Diego ulimvunja taya, akapoteza. Septemba mwaka huohuo, Inglewood, akashinda kwa majaji kugawanyika. Mara hii ya tatu Ali ana miaka 34, miguu haiendi tena ilivyokwenda zamani, na ujanja wake umebaki kuiba raundi: anapumzika, anaongea, anatikisa kichwa kuwaonyesha watu kwamba ngumi haikuuma, halafu kengele ikikaribia anamwaga mvua ya makonde. Mengi hayafiki. Lakini jaji binadamu anakumbuka alichokiona mwisho.

Sasa raundi tano zenye utata ukizipeleka zote kwa upande mmoja, hiyo si bahati. Hiyo ni mbeleko. Simaanishi kwamba kuna mtu alipewa bahasha, sina ushahidi wa hilo na wala sihitaji. Jina peke yake linatosha. Ukikaa pembeni ya ulingo na mbele yako yuko mtu aliyewapiga mabingwa Liston, Frazier na Foreman, jicho lako linamfuata yeye. Unamhukumu Ali kafanya nini, Norton unamkumbuka baadaye.

Kinyozi wangu ana jibu lake, na analitoa wembe ukiwa shingoni kwangu kwa hiyo huwa nalisikiliza hadi mwisho: bingwa hapokonywi mkanda kwa nusu ngumi, lazima apigwe kila mtu aone. Nimelisikia tangu utotoni. Nimelitafuta kwenye kanuni za ngumi, halimo. Kila raundi inaanza sifuri kwa sifuri, awe bingwa awe mbeba mizigo. Ukitaka kumpa bingwa raundi mbili za kuanzia, sema mapema ili mpinzani ajue anapigana na deni.

Lakini kuna jambo wafuasi wa Norton hawapendi kulitaja.

Baada ya raundi ya 14, Lederman na Smith walikuwa na 7 kwa 7. Mercante alikuwa na Ali mbele kwa raundi moja tu. Maana yake, pamoja na mbeleko yote, mkanda ulikuwa bado umekaa katikati ya ulingo ukisubiri dakika tatu. Norton akichukua raundi ya 15 kwenye kadi za wale wawili tu, ndiye bingwa wa dunia.

Na kwenye kona yake akaambiwa anaongoza, asijihatarishe.

Itazame raundi ile bila sauti. Anatoka kwenye kigoda taratibu, mikono juu, kama mlinzi wa benki saa kumi za usiku. Ali anachezesha miguu, anadonoa kwa mkono wa kushoto, anazunguka. Si makonde ya kutisha, ila ndiye pekee anayefanya kazi. Norton anaamka raundi ikiwa inaisha, anafumua makonde mazuri kweli, kengele inalia. Wote watatu walimwandikia Ali. Hata mimi, kwenye daftari la mwanangu, nilimwandikia Ali. Hiyo ilikuwa mojawapo ya zile 6 zake.

Kumwambia bondia anaongoza wakati kadi hujaziona, tena ugenini kwa jina la Ali, ni kumfunga mikono. Norton alitoka ulingoni akilia. Nje ya uwanja askari wa New York, ambao hawakuwa zamu, walikuwa wakiandamana kudai maslahi yao, wahuni wakijichotea pochi za watu kwa raha zao. Usiku huo watu wengi waliibiwa, na mmoja wao alikuwa ameacha mlango wazi.

Kinyozi alifurahi sana niliposema hivyo. Kisha akanikumbusha pambano jingine na hoja yangu ikaanza kuchechemea.

Mwaka 1978 WBC, mojawapo ya vyama vya dunia vinavyotoa mikanda ya ngumi, walimtambua Norton kuwa bingwa, baada ya Leon Spinks, aliyekuwa amempokonya Ali ubingwa, kuchagua kurudiana na Ali badala ya kupigana na Norton. Mkanda wa mezani. Juni 9 mwaka huo akautetea Las Vegas dhidi ya Larry Holmes. Tena raundi 15, tena raundi ya mwisho ndiyo itakayoamua. Safari hii hakusubiri. Walisimama uso kwa uso wakapigana kama watu wanaogombea mlango wa basi la mwisho, raundi ambayo hadi leo wapenzi wa masumbwi huirudia.

Majaji wawili walisema Holmes, 143 kwa 142. Wa tatu alisema Norton, 143 kwa 142.