Chumvi ya Jikoni na Laini ya Simu: Vipimo vya Mionzi Tunavyoishi Navyo

Mtambo wa nyuklia uliopangwa kujengwa Uyombo, Kilifi, ulizua maandamano mwaka 2024, na tangu hapo mazungumzo ya mionzi huku Pwani hayaishi kugusa mitambo. Mimi hofu yangu iko kwingine. Mombasa ni mji wa makontena na wa vyuma chakavu, na historia inaonyesha kwamba mionzi ikiwafikia watu mitaani, mara kadhaa imepitia mkokoteni wa muokota vyuma. Goiânia, Brazili, Septemba 1987: mashine ya kutibu saratani iliachwa katika jengo la kliniki iliyohama, watu wakaibomoa wauze chuma, wakafungua kifuko cha sesiamu 137, kemikali yenye mionzi mikali. Unga wake uling'aa gizani kwa rangi ya buluu, jamaa na majirani wakagawiana. Thailand nako, mwaka 2000, chanzo kingine cha mionzi, kobalti 60, kiliingia katika yadi ya vyuma huko Samut Prakan na kuua watu watatu.

Goiânia walikufa wanne. Lakini tazama hesabu nyingine: zaidi ya watu 112,000 walipimwa, wengi wao uwanjani, na waliokutwa na uchafu wa mionzi mwilini au kwenye nguo ni 249. Yaani kazi kubwa ya dharura ya namna hii ni kuupanga umati: nani apelekwe wodini sasa hivi, nani aambiwe arudi nyumbani na aamini anachoambiwa. Kifaa cha kupimia mionzi hugundua uchafu uliobaki mwilini, lakini kwa waliopigwa na mionzi tu hakisaidii sana, maana kinasema kilichopo sasa. Chanzo kikishaondolewa, hakikwambii jana ulipigwa na kiasi gani.

Ndipo wanasayansi walipogeukia vitu ambavyo kila mtu anavyo, kama chumvi na simu, ili visome kiasi hicho. Mionzi ikipita ndani ya fuwele za chumvi hung'oa elektroni, na baadhi hunaswa katika kasoro za fuwele hizo na kubaki humo. Maabara ikiimulika chumvi hiyo kwa mwanga maalumu, elektroni zinaachiliwa na kutoa mwanga hafifu, unaoongezeka kadiri mionzi ilivyokuwa mingi. Kisha chumvi ileile hupigwa mionzi ya kiasi kinachojulikana ili kulinganisha. Chumvi ya kawaida inaweza kuonyesha hata miligrei chache (grei ni kipimo cha mionzi iliyofyonzwa), wakati ugonjwa wa mionzi huanza kuonekana karibu na grei 1, yaani miligrei 1,000. Vijenzi vidogo vya kauri ndani ya simu hufanya vivyo hivyo, kioo chake pia, na hata gundi inayofunika chipu katika baadhi ya laini na kadi za benki.

Kwa hiyo wanaounga mkono mbinu hii wana hoja nzito. Kipimo cha damu kinachohesabu kromosomu zilizoharibika ni cha kuaminika, lakini seli hukuzwa siku mbili kabla ya mtaalamu kukaa na darubini. Huwezi kukifanyia mji mzima. Chumvi iko kila jiko, na nyingi yake yatoka hapa hapa Pwani, Gongoni na Marereni.

Tatizo ni kwamba mbinu hizi zina masharti, na mengine yanaigonga Mombasa moja kwa moja. Matofali na vigae vya udongo uliochomwa vilisaidia sana kukadiria mionzi ya Hiroshima na Nagasaki, kwa sababu moto wa tanuri hufuta kumbukumbu ya zamani katika chembe za kwatzi, madini yaliyomo mchangani. Nyumba zetu nyingi ni za mawe ya matumbawe, ambayo hayakupita tanurini. Nayo chumvi haipatani na jua. Ile iliyokaa wazi mezani kwa muuza viazi karai imeshafutwa na mwanga wa mchana. Inayofaa ni iliyofungiwa katika kopo lisilopitisha mwanga. Simu nayo hupoteza ishara yake siku baada ya siku, na kuipima ni kuiharibu. Nani atakubali simu yake ibomolewe siku ya taharuki, na M-Pesa yake yote imo humo? Laini ni rahisi zaidi kuitoa, ila si kila chipu inafaa.

Kuna pengo jingine ambalo naona watetezi hulipita haraka. Chumvi hupima mionzi iliyofika kabatini. Goiânia, mmoja wa waliokufa alikuwa mtoto wa miaka 6 aliyekula chakula na unga ule mikononi. Kopo la chumvi la nyumbani kwao lisingejua kilichoingia tumboni mwake.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaosema basi mbinu hii iachwe, na sababu yangu si ya kitabibu. Wakazi wa Owino Uhuru, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa na mahakama ya Mombasa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, baada ya miaka ya mvutano. Wao angalau walikuwa na sumu inayoonekana katika vipimo vya damu. Mionzi ya gama, ile inayotoka katika vyanzo kama kobalti 60, hupita mwilini isibaki humo. Miaka ikisonga, mtu hubaki na neno lake tu. Chumvi iliyohifadhiwa vizuri inaweza kuwa ushahidi kwamba nyumba fulani ilifikiwa, na kiasi gani.

Kwa hiyo mpangilio ningeuweka hivi. Saa za kwanza, atazamwe mtu: anayetapika ndani ya saa moja baada ya kukaa karibu na chanzo huenda amepata grei 4 au zaidi, ingawa hofu nayo hutapisha. Wanaoshukiwa wapimwe damu. Chumvi na laini zikusanywe zisomwe baadaye, kwa wale wengi waliobaki. Kinachohitajika siku ile ni mifuko myeusi na daftari la mzee wa mtaa: kopo lilikaa wapi, lilinunuliwa lini, nani alilala chumba kipi. Chumvi isiyo na maelezo hayo hata maabara bora itaipa namba isiyo na mwenyewe.