Kilo ya maharage: lori limesingiziwa

Likizuka suala la chakula na mabadiliko ya tabianchi, wa kwanza kunyooshewa kidole ni dereva wa lori. Tunaambiwa tule vya karibu, kwa sababu chakula kinachotoka mbali kinachafua hewa. Hoja hiyo ina mashiko kwa maharage machanga yanayopanda ndege Nairobi kwenda London. Kwa maharage makavu ya Mbeya yanayoliwa Dar es Salaam haina, na anayetaka kubisha achukue kalamu.

Semi lenye mzigo wa tani 30, safari ya kilomita kama 830, mlima wa Kitonga ukiwemo. Tulipigie lita 50 za dizeli kwa kila kilomita 100, hesabu ya dereva mwenye mguu mzito. Hizo ni lita 415. Gawa kwa kilo 30,000 upate mililita 14, yaani kama kijiko kimoja cha chakula kwa kilo. Lita ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo kilo yako imeingia mjini na gramu 37. Ongeza Fuso lililoyatoa shambani na bajaji ya mizigo iliyoyafikisha dukani, mdhanie dereva amerudi mtupu, kisha andika gramu 100 tumalize ubishi.

Sasa bandika sufuria. Kilo moja ya maharage ambayo hayakulowekwa, kwenye jiko la kawaida la mkaa, huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, na hula mkaa kati ya gramu 700 na kilo nzima. Upime wako kwa mizani kabla na baada. Mimi nashika gramu 800.

Mkaa huo una madeni mawili. La kwanza limeachwa porini, kwenye tanuru la udongo. Kuni zinapoungua kwa hewa haba hutoa methani, gramu 30 na zaidi kwa kila kilo ya mkaa, na methani hupasha dunia joto takriban mara 28 ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Gramu 800 za mkaa ni sawa na gramu 670 hivi za hewa ukaa kabla hujawasha kiberiti. Ndiyo kusema hata kama kila mti uliokatwa utachipua tena, tayari sufuria imelishinda lori mara sita na zaidi.

Deni la pili ni la mti wenyewe. Tanuru la kawaida linataka kilo 6 hadi 8 za kuni kavu kutoa kilo moja ya mkaa, na kilo ya kuni kavu ina kaboni ya kutosha kutoa hewa ukaa kilo 1.8. Msitu usiporudi kabisa, maharage yako yamebeba karibu kilo 10. Ukirudi nusu, kilo 5. Misitu ya miombo huchipua vizuri kwenye visiki ikiachwa, na vijiji vya Kilosa, mkoani Morogoro, vilivyojaribu kuvuna kwa mzunguko wa miaka 24 vilitegemea jambo hilo. Pale visiki vinapong'olewa ili kupandwa ufuta, hakuna cha kuchipua.

Gesi je? Hapa watetezi wake huwa hawapendi kusikia. Maharage hayo hayo kwenye sufuria ya kawaida hula gramu 200 hadi 300 za gesi, na kila kilo ya gesi hutoa hewa ukaa kama kilo 3, yaani gramu 600 hadi 900 kwa sufuria, sawa na mkaa wa msitu unaorudi. Inaupiku mkaa wa msitu usiorudi, tena kwa mbali, na moshi unaoua mapafu unaondoka. Ila mwenye nyumba anajua mtungi wa kilo 6 hautavumilia maharage mara tatu kwa wiki. Ndiyo maana gesi inachemsha chai na jiko la mkaa linabaki nyuma ya nyumba likisubiri maharage na makande.

Jibu la maharage ni presha kuka ya umeme. Kilo moja haizidi sana nusu yuniti, ndani ya saa moja. Hata umeme wote ungetoka kwenye mitambo ya gesi asilia, hiyo ni robo kilo ya hewa ukaa, na tangu bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lianze kuzalisha, hesabu inazidi kushuka. Lakini itumie inavyotakiwa. Maharage na maji yasivuke nusu ya sufuria, kwa sababu povu na maganda huziba vali: kwa kilo nzima nunua ya lita 8, ya lita 6 ipikie robo tatu. Mpira wa mfuniko ukilegea mvuke unatoroka, presha haipandi, umeme unaliwa bure. Usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba. Wati 1,000 na ushei huyeyusha plagi. Umeme ukikatika katikati, usifungue, joto lililomo linaendelea kuivisha.

Asiye na umeme aloweke usiku kucha, amwage maji, afunike sufuria: theluthi ya muda inaondoka. Nyanya na ndimu zingoje mpaka yalainike, kwani uchachu huyafanya yagome. Magadi huyalainisha haraka, lakini yanaua vitamini B1. Na maharage yaliyokaa msimu mzima kwenye stoo yenye joto na unyevu huwa magumu kiasi kwamba hayaivi hata uchochee vipi. Muuzaji anayekuuzia hayo kwa bei ya chini anakuhamishia gharama kwenye gunia la mkaa. Ukiweza kuchagua, ya njano mara nyingi huiva mapema.

Serikali ina mkakati wa mwaka 2024 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekwisha kupigwa marufuku kuni na mkaa. Sawa. Lakini tazama bei ya umeme: mteja mdogo hulipa shilingi 100 kwa yuniti mpaka yuniti 75 kwa mwezi, akizidisha anakutana na bei ya karibu 350. Nyumba iliyokuwa inatumia yuniti 60 kwa taa, televisheni na friji, ikianza kupika kwa umeme, inavuka mstari mwezi huo huo. Yaani aliyeacha mkaa ndiye anayepandishiwa. Ningekuwa na sauti, ningerekebisha hapo kabla ya kugawa mtungi mwingine wa kilo 6.