Sekta Tisa

Kwa zaidi ya miaka ishirini mimi nimekuwa mwandishi wa riwaya. Kwamba hakuna aliyewahi kuisoma, hilo si kosa langu, ni la disketi. Niliiandika mwaka 1997, nikaihifadhi kwenye flopi moja ya inchi tatu na nusu, flopi ikaharibika, basi. Mazungumzo ya vitabu yakianza popote, mimi huguna kidogo, natazama dirishani, halafu nasema kwa sauti ya mfiwa, "Nami nilikuwa nayo moja. Kurasa mia tatu." Watu hunipa pole. Kuna mmoja nusura alie.

Disketi mbovu ni mali, nawaambia. Inakupa heshima yote ya uandishi bila usumbufu wa wasomaji.

Sasa mke wangu, katika kunipenda kwake, akaninunulia draivu ya flopi ya USB. Akaiweka mezani mbele yangu, akakunja mikono. "Haya, mwandishi. Leo tunaisoma."

Disketi ilikuwa imelala kwenye droo, na lebo yenye mwandiko wangu: RIWAYA, USIGUSE. Mwanetu akaiwahi. Akagundua kile kimlango cha bati, akawa anakivuta na kukiachia, klak, klak, springi inakirudisha. "Baba, mbona ina mlango halafu haina dirisha?" Nikamnyang'anya, nikaichomeka.

Draivu ikakohoa. Aliyewahi kutumia flopi anaijua sauti ile: krrr, krrr, kimya, tk-tk-tk, kichwa kinarudi mwanzo kabisa kujipanga upya, kisha krrr tena, kama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa. Mwishowe kompyuta ikasema disketi haijafomatiwa, je, niifomati sasa? Kabla sijafumbua mdomo, mtoto akabonyeza Ndiyo, akathibitisha na ya pili.

Nilipiga ukelele wa kusikika nyumba ya tatu. Lakini acha niungame: moyoni nilikuwa naimba. Buriani riwaya, umekufa shahidi, na aliyekuua ni mtoto asiyejua kitu, nani atanilaumu? Furaha hiyo haikumaliza sekunde mbili. Ujumbe ukatokea kwamba disketi imezuiwa kuandikwa. Kile kijiplastiki cha pembeni, kidogo kama ukucha wa mtoto, nilikuwa nimekisukuma mwenyewe mwaka ule ule wa 1997, kitundu kikabaki wazi. Nilikuwa kijana mwangalifu mno. Nikamlaani yule kijana kimyakimya.

Mke wangu akanipapasa begani. "Mungu mkubwa. Endelea."

Nikavuta kimlango, nikamulika tochi. Sahani ya ndani ilikuwa na madoa meupe, ya mviringo, yametandaa kama chaki iliyomwagikiwa maji. Ukungu. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba nimeshaharibu: disketi yenye ukungu husafishwa kwanza ndipo iingizwe, kwa sababu kichwa cha kusomea hugusa sahani yenyewe, nayo inazunguka mara 300 kwa dakika. Uchafu wote ulikuwa umehamia kwenye kichwa. Ili kuhakikisha nikachukua disketi nyingine, nzima, nikaitia. Ikagoma nayo, tena ikatoka na mkwaruzo mwembamba wa duara. Ilikuwa ya mke wangu. Nikairudisha kwenye boksi lake, chini kabisa.

Basi, spiriti ya isopropili na pamba za vijiti. Kichwa kwanza. Halafu sahani: kimlango unakizuia kwa kidole gumba kisijifunge, sahani unaizungusha kwa kile kitovu cha chuma cha nyuma, unafuta kipande kinachojitokeza, unazungusha tena, unafuta. Ukimaliza unageuza upande wa pili. Kidole gumba kiliniuma kiasi kwamba nilifungua chupa kwa meno, jambo ambalo sishauri mtu kulifanya na spiriti.

Kisha nikaleta ddrescue. Ni programu ya bure, na ninachoipendea ni kwamba haina papara. Inanakili kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, inaorodhesha kwenye faili la ramani sehemu zilizokataa, ndipo inarudi kuzibembeleza moja moja. Disketi kama yangu ina sekta 2,880, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, kila sekta baiti 512. Mzunguko wa kwanza zilikataa 214. Nikafuta tena kwa pamba, zikabaki 31.

Hapo mashetani yakanipanda. Nilisahau kabisa kwamba mimi sitaki riwaya hii ipatikane. Nikaazima draivu nyingine kwa rafiki, maana vichwa vya draivu havilingani, kimoja husoma kilichomshinda mwenzake. Nikaendelea na ramani ileile, kwa hiyo kazi ilikuwa kuzigongea mlango zile zilizobaki tu. Ishirini na mbili. Kumi na nne. Saa nane usiku zikagota kwenye tisa. Nikaruka, nikakimbia chumbani, nikamwamsha mke wangu kwa shangwe.

Angekuwa mtu mwenye akili angelala.

Tukafungua. Majina ya mafaili kwenye kompyuta yangu ya zama zile hayakuzidi herufi nane, nayo yakajipanga: RIWAYA1, RIWAYA2, RIWAYA3, MWISHO, MWISHO2, KABISA, SHUKRANI. Mke wangu akavuta kiti, akaanza kusoma kwa sauti. RIWAYA1: "Jua lilikuwa likizama polepole." Aya tatu, basi. RIWAYA2: "Jua lilikuwa likizama taratibu." Aya tatu. Kwenye RIWAYA3 tulirudi kwenye polepole. MWISHO haukuwa mwisho wa hadithi, ulikuwa toleo la mwisho la zile aya tatu, na MWISHO2 uliufuta wa kwanza. Kwenye KABISA hatimaye: "Jua lilikuwa limeshazama."

"Afadhali," akasema mke wangu. "Nilishaanza kulihurumia. Na zile kurasa mia tatu?"

"Ziko kwenye sekta tisa zilizokataa."

Akachukua simu yake. Huyu mwanamke anapenda hesabu kuliko inavyompasa mke wa msanii. "Tisa mara 512 ni 4,608. Hata kila baiti iwe herufi, ni kurasa mbili na kipande."

"Nilikuwa naandika kwa kubana."

"Kwa kubana," akarudia, akafungua SHUKRANI.

SHUKRANI ilikuwa na kurasa nne. Niliwashukuru walimu, majirani, mchapishaji (ambaye sikuwa naye), wafasiri wa lugha mbalimbali, na majaji wa tuzo kwa uamuzi wao wa busara. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Ghafla akaacha kucheka.

"Na zaidi ya wote," akasoma, "namshukuru nuru ya maisha yangu, ambaye bila yeye nisingeshika kalamu, mpenzi wangu wa daima..."

Hapo maandishi yakakatika. Sekta isiyosomeka ddrescue huacha pengo lake vilevile, na kwenye skrini ikawa ni vijisanduku vitupu, mistari kwa mistari, 512 kamili. Chini yake maneno yakarejea: "...na mama yake mzazi, aliyenipokea kama mkwe."

Sisi tulikutana mwaka 2003.

"Nani huyo?"

"Jina limeliwa na ukungu," nikasema. Sijawahi kuupenda ukungu kama usiku ule.

"Hukumbuki jina la mpenzi wako wa daima?"

"Ni zamani. Tena watu wengi walinisaidia."

Hakujibu. Alinitazama, akaitazama draivu, akanyoosha mkono. "Nipe spiriti. Wewe nenda kalale."

Nililala nini! Kutoka chumbani nilisikia pamba zinachomolewa kwenye pakiti, halafu klak ya kimlango, halafu krrr, krrr, tk-tk-tk. Karibu na alfajiri nikachungulia. Ameketi wima, kidole gumba kimefungwa kitambaa, maelekezo ya ddrescue yamefunguliwa pembeni na amefika mahali panapoeleza jinsi ya kusoma disketi kinyumenyume.

"Umeamka," akasema bila kugeuka. "Zimebaki nane."