Gitaa Lililofungiwa Kabatini

Mzee aliyenifundisha kupiga ridhimu alisikiliza rekodi yangu nusu tu, akavua hedifoni. "Mwanangu, gitaa hili umelifungia kabatini." Nilikuwa nimelirekodi chumbani kwangu Sinza bila amplifaya: waya kutoka kwenye gitaa hadi kwenye kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza na kutoa sauti ya kompyuta), kisha programu ya kompyuta inayoigiza amplifaya pamoja na spika yake. Kwa mzee kesi iliishia hapo. Amplifaya ya kompyuta ni bandia, na bandia husikika.

Wanaosema hivyo ni wengi, na wengine masikio yao nayaamini kuliko yangu. Ila mara nyingi wanamkamata asiye mwizi.

Kabati la mzee lilikuwepo kweli. Gitaa nilikuwa nimelichomeka kwenye tundu la laini, ambalo limetengenezwa kwa ajili ya kinanda au mixa. Pikapu ya gitaa (ile ya sumaku, si ya kubebea matofali) hutoa umeme dhaifu, na hutaka tundu lenye ukinzani mkubwa, yaani lisilonyonya umeme huo, wa kama megaohm 1. Tundu la laini huwa na kiloohm 10 hivi, mara mia pungufu. Hapo mng'ao wa nyuzi unamezwa kabla programu haijagusa chochote, na hakuna kirungu cha kuzungusha kitakachourudisha. Nilipobonyeza kitufe chenye alama ya gitaa, kinacholigeuza tundu lifae gitaa, kabati likafunguka. Programu ilikuwa ile ile, na sikuwa nimegeuza kitu kingine.

Lawama ya pili ni kuchelewa: unapiga uzi, sauti inakuja baadaye. Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu watu huitaja kana kwamba ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Kompyuta hupokea sauti kwa mafungu. Ukipanga fungu la sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 128, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, fungu moja ni milisekunde 2.7. Hesabu kuingia na kutoka, ongeza kazi ya kadi yenyewe, unafika kama milisekunde 8. Sasa toka nje ya kompyuta. Sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, maana yake kila mita moja inakula milisekunde 3 hivi. Milisekunde 8 ni sawa na kusimama hatua tatu au nne kutoka kwenye amplifaya yako. Mpiga solo wa bendi husimama hapo usiku kucha, na sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba spika imemchelewesha. Tatizo huja mtu akiacha fungu la sampuli 1,024 alilokuwa akitumia kuchanganyia wimbo, halafu akashika gitaa. Hapo ni zaidi ya milisekunde 40. Ni kama amplifaya iko ng'ambo ya barabara, nyuma ya daladala. Dawa yake ni kupunguza namba moja kwenye mipangilio, lakini jamaa anafunga kompyuta na kwenda kutangaza kwamba programu hizi hazifai.

Halafu kuna hili la "hewa". Mzee amesikia gitaa kwenye kumbi za dansi, mbele ya spika zinazotikisa meza. Hicho ndicho anachokitafuta kwenye hedifoni, na hakipo. Lakini hakipo hata kwenye rekodi anazozipenda. Gitaa la rekodi ni kile kilichosikiwa na maiki, mara nyingi maiki iliyosogezwa karibu kabisa na kitambaa cha spika. Programu nazo huiga hicho hicho: amplifaya, spika na maiki iliyo mbele yake. Na si kila rekodi kubwa ilipitia spika. Kule Detroit miaka ya 1960, studio ya Motown ilikuwa ikichomeka magitaa moja kwa moja kwenye mitambo.

Sitaki kudai kwamba amplifaya haina chake. Ukisimama karibu nayo ikiwa imefunguliwa sauti, mtetemo wa spika hurudi kwenye nyuzi na noti inaendelea kuishi mkononi; kwenye hedifoni inakufa mapema. Pia programu moja inakuja na amplifaya makumi, na namfahamu kijana mwenye sauti kama 200 za gitaa na wimbo sifuri. Mwenye amplifaya moja anageuza virungu vitatu, anaanza kazi.

Lakini mimi nakaa nyumba ya kupanga, vyumba sita, ukuta mmoja. Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za mitambo ya zamani) ya wati 50 haianzi kunoga mpaka uifungue kiasi cha kumwamsha mtoto wa jirani. Nikiweka maiki, inamnasa muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Kwa waya narekodi saa saba usiku, umeme ukikatika betri ya laptop inaendelea kulisha kadi ya sauti, na gitaa ghafi linabaki kwenye faili. Wiki ijayo nikiona amplifaya niliyochagua ni kali mno, naibadilisha bila kupiga upya.

Nilimpelekea mzee rekodi ya pili. Safari hii alisikiliza hadi mwisho. Kabati hakulitaja, akauliza tu, "Mwenzako yuko wapi?" Kwake ridhimu na solo ni watu wawili wanaotazamana, zama zile bendi ilirekodi Redio Tanzania ikiwa chumba kimoja, wote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimezipiga zote mbili, moja Jumanne, nyingine Alhamisi, na alisikia.

Hilo sikuwa na namba ya kumjibu. Kadi yangu ina matundu mawili, na yote yana kitufe cha gitaa. Jumamosi anakuja na lake.