Cheti cha taifa na leseni ya jimbo: Marekani ikikubali, isilazimishe

Marekani haina leseni moja ya taifa kwa mtu anayetaka kuwa mshauri nasaha wa shule, wala kwa ofisa ustawi wa jamii. Kila jimbo lina mamlaka yake, fomu zake, ada zake na masharti yake. Papo hapo vipo vyeti vya taifa vinavyotolewa na mashirika ya kitaaluma, na anayevipata huwa amesoma hadi shahada ya uzamili, amefanya kazi chini ya msimamizi na amepimwa. Swali linalorudi kila mara katika mabunge ya majimbo ni hili: mwenye cheti hicho akiomba leseni, jimbo likipokee kama ushahidi tosha wa ujuzi wake, au limpime upya tangu mwanzo?

Mimi naunga mkono kukipokea. Lakini jimbo likitaka kukigeuza kuwa mlango pekee wa kuingilia kazini, napinga. Mambo haya mawili yanachanganywa sana, hata na watu wenye nia njema.

Kwanza tuone hali ilivyo. Mshauri wa shule kwa kawaida hupewa kibali na idara ya elimu ya jimbo, kama mwalimu. Ofisa ustawi wa jamii huwa chini ya bodi ya taaluma yake, na akitaka kufanya kazi shuleni, katika majimbo kadhaa hulazimika kupata kibali cha pili kutoka idara ya elimu. Masharti nayo hayafanani. Texas ilishikilia kwa miaka mingi kwamba mshauri wa shule lazima awe amefundisha darasani miaka miwili, hadi bunge lake lilipoliondoa sharti hilo mwaka 2023. Ohio hudai kuwa washauri wanaopata leseni ya tiba, yaani ya kutibu matatizo ya akili, wawe wamesoma katika programu yenye ithibati ya CACREP, chombo kinachokagua mafunzo ya ushauri nasaha. Ukihama jimbo, ulichokamilisha kule hakikuhakikishii kitu huku.

Kwa upande wa vyeti, bodi ya taifa ya washauri, NBCC, ilianzishwa mwaka 1982, na kwa miaka mingi imetoa cheti cha mshauri na cheti maalumu cha mshauri wa shule. Bodi ya taifa ya viwango vya ualimu, NBPTS, iliyoundwa mwaka 1987, nayo ina cheti cha washauri wa shule, na huko mtu hajibu maswali tu: hupeleka kumbukumbu za kazi yake na video inayomwonyesha akiwa na wanafunzi. Kwa ustawi wa jamii kuna chama chao kikongwe, NASW, cha tangu 1955, chenye cheti cha wabobezi wa shuleni.

Wanaotaka vyeti hivi vitambuliwe wana hoja nzito, na ya kwanza ni uhaba. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250. Katika mwaka wa masomo 2022–23 wastani wa nchi nzima ulikuwa mmoja kwa 385. Juni 2022, mwezi mmoja baada ya wanafunzi 19 na walimu 2 kuuawa katika shule ya msingi mjini Uvalde, Texas, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotenga dola bilioni 1 kwa ajili ya wataalamu wa afya ya akili shuleni. Aprili 2025 Wizara ya Elimu ikatangaza kuwa ruzuku hizo hazitaendelezwa. Fedha zikipungua namna hiyo, jimbo linalomweka mtaalamu aliyekwisha kuiva miezi kadhaa nje ya mlango kwa sababu ya makaratasi linajiumiza lenyewe.

Makaratasi hayo si jambo dogo. Anayehama hutakiwa kuomba chuo chake kipeleke matokeo moja kwa moja kwa bodi, achukuliwe alama za vidole upya, atafute uthibitisho wa kila jimbo alilowahi kufanya kazi, kisha apate saini ya msimamizi aliyemsimamia miaka kumi iliyopita. Msimamizi huyo huenda amestaafu, amehamia pwani nyingine ya nchi, au ameshafariki. Saa zilizofanywa kweli, kwa kawaida maelfu kwa wale wa ngazi ya tiba, zinakosa wa kuzishuhudia. Hapo ndipo cheti cha taifa kina manufaa makubwa kuliko yote: mtoa cheti alishazihakiki karatasi hizo zilipokuwa mpya, na anazo katika kumbukumbu zake. Wanaokitetea cheti kwa sababu ya hadhi yake wananishawishi kidogo. Wanaokitetea kama hifadhi ya ushahidi wananishawishi kabisa.

Na mfano wa kufanikiwa upo jirani. Wanasaikolojia wa shule wana cheti cha taifa kiitwacho NCSP, kinachodai shahada ya ngazi ya ubobezi, mtihani, na mafunzo ya vitendo ya saa 1,200 ambazo angalau 600 ziwe ndani ya shule. Zaidi ya majimbo 30 yanakitambua kama njia mojawapo ya kupata kibali cha jimbo. Neno la kushika ni "mojawapo". Majimbo hayo hayakujitoa katika kazi ya kusimamia taaluma. Yamekubali tu kutorudia hesabu iliyokwisha kupigwa.

Jambo hili linatugusa wasemaji wa Kiswahili kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani katika muongo uliopita, wengi wakiwa wamekaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma. Watoto wao wako katika shule za Louisville, Des Moines, Phoenix na Boise. Chukua kikao kimoja tu: binti wa miaka kumi na miwili yuko ofisini kwa mshauri pamoja na mama yake. Mshauri anauliza kama binti amewahi kuwaza kujiua. Mama haelewi Kiingereza. Aliyepo wa kutafsiri swali hilo, na jibu lake, ni binti mwenyewe. Yeyote anayezijua familia hizi anajua kitakachosemwa kwa Kiswahili hapo: "Anauliza kama nakula vizuri." Mtaalamu anayejua Kiswahili, mwenye mafunzo kamili, akihamia ng'ambo ya mto Ohio kutoka Louisville kwenda Indiana, anavuka daraja na kuingia katika mamlaka nyingine ya leseni. Ninashindwa kuona ni mtoto gani anayelindwa kwa kumsimamisha huyo aanze upya kuthibitisha kwamba alisoma.

Hata hivyo wanaopinga hawapaswi kubezwa. Leseni si sifa ya elimu peke yake. Ni mkono wa serikali juu ya mtu anayekaa faragha na mtoto. Jimbo ndilo linalopokea malalamiko, ndilo linalochunguza, ndilo linaloweza kumwondoa mtu kazini kwa nguvu ya sheria. Shirika binafsi likikasirika linaweza kufuta cheti chake, lakini haliwezi kumzuia mtu kufanya kazi. Sheria za kuripoti ukatili dhidi ya watoto nazo ni za majimbo. Pennsylvania, kwa sheria yake ya mwaka 2014, humtaka anayeomba leseni kwa mara ya kwanza asome saa 3 za kutambua na kuripoti ukatili. New York ina kozi yake yenyewe. Mtu aliyekariri utaratibu wa jimbo moja akifuata mazoea katika jimbo jingine anaweza kuchelewesha taarifa ambayo haikupaswa kuchelewa hata kidogo. Hili la mwisho nalichukulia kwa uzito wote. Ila dawa yake ni kozi fupi ya sheria za jimbo na uhakiki wa rekodi za jinai, vitu vinavyowezekana kumalizwa katika wiki chache. Haihitaji kumrudisha mtu kwenye mtihani wa nadharia za makuzi ya mtoto.

Kuna hoja ya pili ya wapinzani ambayo husikika mara chache, nayo ni ya fedha. Mtoa cheti ni shirika linaloishi kwa ada. Sheria ikishaliandika jina lake, kila anayetaka kazi anakuwa mteja wake, na ada ikipanda mteja hana pa kwenda. Bunge la jimbo linaweza kuhojiwa na wapiga kura. Bodi ya shirika binafsi haihojiwi nao.

Halafu taaluma hizi mbili, ingawa hutajwa pamoja, hazina hatari sawa. Mshauri wa shule yumo ndani ya jengo lenye mwalimu mkuu, wilaya ya elimu na wazazi. Akikosea, kuna macho mengi. Ofisa ustawi wa jamii mwenye leseni ya tiba anaweza kesho kufungua ofisi yake mwenyewe na kutibu watu bila mtu wa kumwangalia juu ya bega. Ni haki jimbo limkague huyu wa pili kwa makini zaidi. Tena kuna mzunguko ambao watetezi huupita haraka: cheti cha NASW cha shuleni chenyewe humtaka mwombaji awe na leseni ya jimbo, au awe amefaulu mtihani wa ASWB, muungano wa bodi za leseni za ustawi wa jamii. Cheti kinachoegemea leseni hakiwezi kuwa mbadala wa leseni ya kwanza. Kinaweza kurahisisha ya pili, kwa anayehama, na hapo ndipo sheria inapaswa kukipa nafasi. Kwa washauri wa shule, ambao cheti chao cha NBCC kinajitegemea zaidi, mlango unaweza kufunguliwa kwa upana zaidi.

Sasa nije kwenye sababu ya kupinga kulazimisha. Mwaka 2022 ASWB ilichapisha viwango vya kufaulu mitihani yake kwa mchanganuo wa rangi, umri na lugha. Kati ya 2018 na 2021, takribani asilimia 84 ya Wazungu walifaulu mtihani wa tiba walipoufanya mara ya kwanza. Kwa Weusi ilikuwa asilimia 45. Watahiniwa ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza nao waliachwa nyuma. Watu hawa wote walikuwa wamemaliza shahada kutoka vyuo vyenye ithibati, wamefundishwa kwa viwango vilevile vya ithibati. Februari 2023 NASW ilitoka hadharani kupinga mitihani hiyo. Kabla yake Illinois ilikuwa imekwisha kuondoa mtihani kwa leseni ya uzamili isiyo ya tiba, kuanzia Januari 2022, na waliopata leseni wakaongezeka sana.

Wapo wanaosema pengo hilo linatokana na shule duni na umaskini, kwamba mtihani ni kioo tu. Nakubali kwamba mizizi iko mbali nyuma ya chumba cha mtihani. Lakini mtihani unaotumika kufungia watu riziki unatakiwa kuthibitisha kwamba anayefeli kweli angewadhuru wateja, na uthibitisho huo haujatolewa kwa namna ya kutosheleza. Jimbo likilazimisha cheti cha taifa chenye mtihani wa aina hii, litakuwa limechukua pengo hilo na kuliandika katika sheria, bila njia ya pembeni kama ile ya Illinois. Watakaobaki nje ni hasa wale wanaotoka katika jamii zenye watoto wanaokosa msaada, akiwemo yule anayeweza kuzungumza na mama wa binti yetu bila mkalimani.

Wengine watasema vyeti vimepitwa na wakati kwa sababu kuna mikataba baina ya majimbo ya kutambuliana leseni. Mkataba wa leseni za ustawi wa jamii ulipata jimbo la saba, idadi iliyohitajika, Aprili 2024, na wa washauri ulifikisha majimbo kumi mwaka 2022. Naifurahia yote miwili. Ila wa washauri unawahusu wenye leseni ya tiba. Mshauri wa shule mwenye kibali cha idara ya elimu pekee haumsaidii. Vivyo hivyo sheria ya taifa ya Januari 2023 iliyorahisisha uhamishaji wa leseni inawahusu wanajeshi na wenzi wao wanaohamishwa kikazi. Mke wa askari anavuka na leseni yake. Jirani yake aliyehama kumfuata ndugu yake mgonjwa haipati nafuu hiyo.

Kwa hiyo muswada ambao ningeuunga mkono una mambo machache. Cheti cha taifa kipokewe kama uthibitisho wa elimu, saa za vitendo na mtihani. Njia nyingine zote zibaki wazi. Jimbo lishike uhakiki wa jinai, kozi ya sheria zake na nidhamu, na mwombaji atie saini kuruhusu shirika lililompa cheti kulipatia jimbo taarifa za malalamiko yoyote dhidi yake. Na liwekwe kikomo cha siku za kujibu maombi, ambacho kikipita mwombaji aliye safi apewe kibali cha muda chini ya msimamizi wa shule. Bila kikomo hicho maneno mengine yote ya sheria yatabaki kwenye faili la bodi, na mwaka wa masomo utaanza ofisi ya mshauri ikiwa imefungwa.